Mhariri, tupeni nafasi tuseme tumenunua muziki gani

Mhariri,

Naandika kutoka Umoja hapa Nairobi na naomba barua yangu usiikatekate sana hata kama ni ndefu, juu nimeibeba moyoni tangu mwezi uliopita na nikianza kuifupisha nitaacha kitu cha maana.

Sisi ni watu tisa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyestaafu kazi ya reli, yeye ndo ako na mashine ya kupiga sahani za muziki, yaani santuri, inayofanya kazi sawasawa na spika mbili za mbao ambazo ukisimama kando yake zinakufika kiunoni. Kila mtu anakuja na kitu kimoja alichonunua tangu tulipoonana mara ya mwisho, iwe santuri, iwe kaseti, iwe sidii, iwe albamu ya kwa simu, mradi umeilipia. Unasema umeitoa wapi na umelipa ngapi, bila kuongeza bila kupunguza, halafu inapigwa na wote tunaskiza na hakuna mtu kupiga domo mpaka upande uishe. Hatuna jina, hatuna mwenyekiti wala mweka hazina, pesa tunayochanga ni ya maziwa na mandazi basi. Mimi mwenyewe sina mashine. Nanunua sahani nakaa nayo kwa nyumba wiki tatu nikiisoma tu lebo na kuifuta vumbi, nangoja Jumapili ifike.

Nasema haya juu watu wengi hapa mjini wameanza tena kununua muziki wa kushika mkononi, vijana hata kuliko sisi, na hiyo inanifurahisha sana. Lakini naona venye tunaonyeshana. Mtu anatoa picha ya kava, anataja bei, wenzake wanasema waah umeipata wapi hiyo, na maneno yanaishia hapo. Ukimuuliza nani anapiga gitaa humo ndani hajui, ukimuuliza upande wa pili uko aje anakwambia bado hajaufikia. Najua kijana mmoja ana santuri zaidi ya arobaini kwa rafu na nyingine hajawahi kuzitoa kwa karatasi. Sisemi ni mtu mbaya, pesa ni yake na anapenda muziki, lakini mimi naamini ukinunua albamu una deni la kuiskiza mpaka mwisho na kuwaambia wenzako majina ya watu walioifanya. Hilo ndilo nililoandikia, na nitakueleza nilivyolifikia.

Mama yangu ni fundi wa nguo kule Voi. Kando ya cherehani yake kuna kibakuli cheusi cha kuwekea vifungo, ukingo wake una mawimbi kama ua, na kimekuwa hapo tangu niko darasa la tatu. Kibakuli chenyewe ni sahani ya muziki. Miaka ya tisini mwanzoni, wakati kaseti zilikuwa zimejaa kila mahali na gramafoni ya baba imekufa mota, shangazi yangu alifunzwa na wenzake wa chama cha akina mama jinsi ya kugeuza sahani kuwa mapambo. Unachukua kopo la Kimbo unalifunika juu chini, unalaza sahani juu yake, unasogeza karibu na jiko la makaa mpaka uone imeanza kulegea kama chapati ambayo haijaiva, hapo unaishika na kitambaa unaikunja ukingo kwa vidole haraka haraka kabla haijakauka. Zile kubwa zikawa za matunda na za maua ya plastiki, akagawia majirani. Zile ndogo za nyimbo mbili zikawa za vifungo na pini, na lile tundu kubwa la katikati mama akaliziba na kipande cha kadi na gundi. Zilizobaki tulizipeleka uwanjani, mimi na kaka zangu, tukawa tunazirusha tuone ya nani itaenda mbali. Baba hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kunyamaza na sisi watoto tukadhani amekubali. Alifariki 2006 na mpaka leo sijui alikuwa na sahani ngapi wala zilikuwa za nani na nani, hakuna aliyewahi kuandika.

Pasaka nilipoenda nyumbani nilikuwa natafuta kifungo cha shati la mtoto, nikamwaga vyote mezani, na ndo kwa mara ya kwanza maishani nikasoma ile lebo iliyo chini. Imekwaruzika miaka yote hiyo na vifungo vya chuma lakini inasomeka. Bendi, Les Wanyika. Wimbo, Sina Makosa. Na pembeni imeandikwa ni sehemu ya pili.

Sasa kwa wale vijana ambao hawakuzikuta, hizi sahani ndogo tulikuwa tunaziita fotifaivu, juu zinazunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja hauingii wimbo mrefu. Na nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu, watu walikuwa wanacheza usiku mzima, kwa hivyo wimbo mmoja unakatwa vipande viwili, upande huu ni maneno na hadithi, unageuza, na huko nyuma ndo magitaa yanaachiliwa yaongee. Kwa maana hiyo mama yangu alikuwa anawekea vifungo juu ya ile sehemu tamu kuliko zote.

Nikarudi Nairobi nikaanza kuitafuta. Kwanza nikajaribu mtu anayeuza kwa intaneti, akaniambia iko safi kabisa kama mpya, nikamtumia pesa, ikakuja imepinda mpaka ukiiweka mezani inacheza kama kifuniko cha sufuria. Hakuchukua simu tena. Wenzangu wakanifunza, mwambie muuzaji aishike usawa wa macho mbele ya dirisha akupigie picha, kama imepinda utaona mwanga unapita chini, na kama imekwaruzwa utaona mistari. Basi nikaamua kwenda kwa miguu yangu. Nikaenda Tom Mboya, nikazunguka River Road, mwisho nikafika Kenyatta Market, pale unapita katikati ya moshi wa nyama choma na akina dada wa kusuka wanakuvuta mkono, karibu mamii tukufanyie laini, mpaka ufike kwa kibanda cha sahani. Muuzaji nikamwambia naitafuta hii, na nikamweleza na habari ya kibakuli. Hakucheka. Akavuta boksi la chini kabisa, akapekua taratibu kama mtu anatafuta faili la mgonjwa, akaitoa. Shilingi 800.

Hapo kando alikuwa amesimama mgeni mmoja kutoka Ufaransa na daftari lake, anaandika namba za lebo, na alipoona nimeshika nini akaniambia kwa Kiswahili cha kujifunza kwamba besi ya wimbo huo ni ya Tom Malanga. Mhariri, huo wimbo nimeucheza kwenye harusi ya dada yangu, nimeuskia kwa matatu za Rongai na za Eastleigh, nimeuskia kwa matanga, maneno yake nayajua yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa Ufaransa ndo akanitajia jina la mpiga besi. Niliona aibu ya kweli. Yeye hana kosa, alikuwa amejitolea kujua, na mimi sikuwa nimejitolea.

Nilipofika nyumbani nikaiosha. Maji vuguvugu na tone moja la sabuni, kitambaa laini, unafuata mistari inavyozunguka, usikate kwa mkato, na lebo unaifunika na kiganja isilowe. Ndo nikaona kwamba kwa lebo mtu ameandika na kalamu ya biki jina lake, sitalitaja, na chini yake Makadara, na tarehe ya Aprili 1980, na upande wa pili ameandika "usiguze". Mzee wetu alinieleza kwamba hiyo ilikuwa kawaida, ukialikwa disko la nyumbani unakuja na sahani zako kwa kibegi, zinachanganyika na za wengine, asubuhi mnagawana kwa kuangalia majina. Maana yake hata hao walikuwa wanafanya kile tunachofanya sisi, mtu ananunua anapeleka kwa wenzake waskie, ila wao walifanya na miguu wakicheza.

Basi Jumapili ikafika nikaitoa. Mzee akatoa sindano kofia yake, akapuliza, akaishusha. Kwanza ni ule mlio wa mafuta yakikaangwa kwa mbali, halafu gitaa likaingia. Nikampigia mama simu nikaweka sauti ya juu nikaiweka karibu na spika, nikamwambia mama skiza tu usiseme. Sehemu ya kwanza ikaisha polepole, mzee akainuka kugeuza, na katika ule ukimya wa kugeuza mama akasema kwa simu, "Hapo sasa ndipo baba yako alikuwa anasimama." Sikuwahi kujua kwamba baba yangu alikuwa anacheza. Nililia mbele ya watu na hakuna aliyenishangaa.

Tulipomaliza mzee akaanza kutaja. Alikuwa anaenda klabu za Garden Square na Starlight akiwa kijana, na aliwaona hao watu kwa macho. Ngoma ni Rashid Juma. Gitaa la ridhimu ni Omar Shabani, na yeye ndo mtunzi. Solo ni John Ngereza. Besi ni huyo Malanga, na sauti ni ya Issa Juma. Akatueleza kwamba mwanzo kulikuwa na Simba Wanyika ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walioanza bendi hiyo hapa Nairobi 1971, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakatoka wakaunda Les Wanyika. Ukiangalia lebo mengi ya hayo hayapo. Kuna jina la bendi, la wimbo, la mtunzi, namba na kampuni, basi. Aliyepiga ile besi ambayo Kenya nzima inaimba kwa mdomo hayuko kwa karatasi. Yuko kwa kichwa cha mzee wa Umoja mwenye miaka sabini na kitu na kwa daftari la mgeni kutoka Ufaransa. Nikamwambia mzee rudia polepole nikaandika majina yote nyuma ya bahasha ya ile sahani, na tangu siku hiyo tumeongeza sheria moja, kila anayeleta kitu lazima aje na majina matatu ya watu waliokifanya, na akikosa tunatafuta pamoja papo hapo.

Hebu nikwambie wengine walileta nini siku hiyo hiyo, ndo uone venye inafaidi.

Dada mmoja nesi alileta kaseti ya rapa E-Sir, ile albamu Nimefika ya 2003, aliinunua kwa familia iliyokuwa inahama South B na kuuza vitu vyao nje ya geti. Shilingi 150. Utepe ulikuwa umelegea ikabidi tuzungushe na kalamu, na mara ya kwanza ilimeza, tukaitoa taratibu tukanyoosha. E-Sir alikuwa kijana wa South C, alirekodi kwa studio ya Ogopa, na alikufa kwa ajali ya barabara Machi 2003 akiwa na miaka 21. Nesi wetu alikuwa sekondari wakati huo, akasema bweni zima halikulala. Kilichonigusa ni kijana wetu mdogo kabisa, wa miaka 22, aliskiza upande wote kimya halafu akauliza, kwani huyu alikuwa mdogo kwangu? Alikuwa anamjua kama mtu wa zamani, kama wazee, kumbe ni kijana mwenzake.

Huyo kijana naye alileta albamu mbili za marehemu Joseph Kamaru, yule gwiji wa muziki wa Gikuyu aliyefariki Oktoba 2018, lakini hakuzinunua kwa sahani, alinunua kwa intaneti pale Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Wazee wa kikundi wakaguna kidogo, wakasema hiyo si kununua, utaishika wapi. Kijana akawatuliza vizuri sana. Akasema anayeziweka pale ni mjukuu wa Kamaru mwenyewe, naye ni mwanamuziki, ana jina la babu yake na kwa kazi zake za kisasa anajiita KMRU, na amekuwa akikusanya nyimbo za babu na kuzitoa upya. Ukinunua pale Bandcamp inakata asilimia 15 kwa muziki wa kidijitali, kuna na makato madogo ya kutuma pesa, na iliyobaki inaenda kwa mwenye kazi. Halafu akawageukia kwa heshima, akamuuliza mzee, na hiyo fotifaivu ya dada hapa, kati ya zile 800 familia ya mwanamuziki imepata ngapi? Mzee akanyamaza. Jibu ni kwamba haikupata hata ndururu. Tukaskiza Kamaru kwa spika kubwa, mama mmoja anayejua Kigikuyu akawa anatutafsiria mstari kwa mstari tukimkatiza kila dakika, na mandazi yakapoa hapo mezani.

Hilo swali la kijana halijanitoka. Nazipenda sahani za mitumba na nitaendelea kununua, juu bila hivyo zinaishia kuwa bakuli ama takataka. Lakini ni kweli pesa yangu inaenda kwa muuzaji peke yake, na muuzaji pia ana watoto, simlaumu. Kwa hivyo nimejiwekea, kila nikinunua mbili za zamani, ya tatu ni ya mtu aliye hai, na ikiwezekana nimlipe yeye mwenyewe mkononi, iwe ni kwa mlango wa shoo ama kwa ukurasa wake. Kuna binti mmoja kati yetu anasomea sheria, alitueleza kwamba kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, na utunzi wa wimbo miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Nilipiga hesabu nikashtuka. Rekodi ya 1975 ulinzi wake umeisha na mwaka 2025. Zile za miaka yote ya dhahabu zinaendelea kutoka moja moja, na mtu yeyote ataweza kuchukua ile rekodi aichapishe upya, kama utunzi pia umeruhusiwa. Sioni ubaya zikisambaa, zisambae. Lakini ikiwa pesa haitafika tena kwa wapigaji na watoto wao, basi angalau majina yao yafike, na hayatafika kama sisi tuliozinunua hatuyasemi.

Na kuna mwingine alileta Kenya Special, ule mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya Soundway ya London mwaka 2013, nyimbo za hapa za miaka ya sabini na themanini. Alinunua kwa bei ambayo hakutaka kuitaja tukamlazimisha, na ni kubwa. Ndani kuna maelezo ya kusoma, kuna habari za bendi ambazo hata mzee wetu alizisahau. Watu walianza kulalamika kwamba ni vyetu tunauziwa tena. Mimi sikulalamika. Sahani zenyewe za mwanzo zilibonyezwa hapa hapa, Nairobi ilikuwa na kiwanda Industrial Area, mpaka bendi za Tanzania zilikuwa zinapanda basi kuja kurekodi huku juu kwao hakukuwa na kiwanda cha sahani, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro sahani zake zilitoka Nairobi. Hawa wa London wamekaa wakatafuta, wakaandika, wakachapisha. Nashukuru. Kinachoniuma ni kwamba ile kazi ya kuandika majina hata mtu wa kawaida anaiweza, haihitaji kampuni, inahitaji kalamu na mzee wa kuuliza.

Na hapo ndo naingia kwenye ombi langu kwako, Mhariri.

Gazeti lako lina ukurasa wa burudani kila wiki. Mara nyingi ni habari za nani ameachana na nani na nani amemtusi nani, sitaki kukufunza kazi, najua hizo zinauza. Naomba kisanduku kimoja tu, hata kiwe kidogo kama cha tangazo la kifo, msomaji aandike albamu aliyonunua karibuni. Aseme jina, aseme ameitoa wapi na kwa bei gani, aseme majina matatu ya waliopiga ama waliorekodi, na aseme wimbo gani umemgusa na kwa nini. Asitume picha ya kava peke yake. Iwe ya zamani ama ya juzi, taarabu, benga, injili, rapu, hata ya nje, bora ameilipia na ameiskiza yote. Msomaji wa Kisumu akiandika jina la mpiga gitaa amelikosea, wa Kakamega atamrekebisha wiki ijayo, na hivyo hivyo yatakusanyika. Zamani watu walikuwa wanatumiana salamu redioni na kuchagua wimbo, mtu anataja majina ya jamaa zake kumi na tano bila kukosea hata moja. Wapigaji wetu hatuwezi kuwatajia hata watatu?

Na kwa wasomaji wenyewe, kabla gazeti halijajibu, kuna kitu mnaweza kufanya wikendi hii. Mkienda nyumbani angalieni juu ya kabati, chini ya vitanda, kwa stoo ya nyuma. Mkipata sahani msizilaze moja juu ya nyingine, zinapinda, zisimamisheni kama vitabu, na msiziache kwa gari mchana wa jua. Msiwaache watoto wazirushe. Na kama yuko mzee ama mama aliyezinunua na bado ana pumzi, mkae naye, mmuulize alizinunua wapi na alikuwa anacheza na nani, mwandike nyuma ya bahasha na kalamu laini. Sisi tulichelewa kwa baba yangu. Mama sasa nampigia kila Jumapili jioni, na kila mara anakumbuka sahani moja nyingine. Wiki jana alikumbuka moja ya Super Mazembe, akaniimbia kipande kwa simu huku anakanyaga cherehani.

Ili usiseme naomba tu bila kutoa, yangu ya wiki ya kwanza ndo hii, ukipenda uichape ilivyo:

Les Wanyika, Sina Makosa, fotifaivu, sehemu ya kwanza na ya pili. Kenyatta Market, shilingi 800. Omar Shabani ametunga na kupiga ridhimu, John Ngereza solo, Tom Malanga besi, Rashid Juma ngoma, Issa Juma sauti. Geuza upande wa pili, hapo besi inapobaki na ngoma. Hapo ndipo baba yangu alikuwa anasimama.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi